Choo Hakitunzi Siri

Jumanne vijana wawili wa maabara walitoka Porto
na ndoo, na glavu hadi viwikoni,
wakafunua kile kifuniko cha chuma nyuma ya kanisa,
wakachota, wakaondoka bila hata kunywa kahawa.
Sisi wa Vale de Fetos tulicheka hadi machozi:
serikali imemaliza kila kitu cha kupima,
sasa inapima tulichokwisha kukisahau.

Baada ya wiki mbili ripoti ilibandikwa mlangoni kwa meya.
Graciete, msusi, aliisoma kwa sauti,
kichwa cha mteja wake kikingoja na povu.

Kwanza: mafua yako njiani,
yatafika kabla mwezi haujaisha.
Hilo halikumshtua mtu. Mafua tunayajua,
ni mgeni asiyepiga hodi.

Pili: kahawa. Mji wa watu elfu mbili
unakojoa kahawa ya watu elfu tisa.
Tukapiga makofi. Belmiro mwenye mkahawa
akainama kama mwigizaji jukwaani.

Tatu: dalili za dawa ya kuotesha nywele.

Kimya.

Macho yote, polepole, kwa heshima,
yakapanda hadi kwenye kipara cha meya
kinachong'aa kama sinia la harusi.
"Bila shaka," akasema, "ni mtu wa mji wa jirani.
Alikuwa anapita, akabanwa."

Lakini ya nne ndiyo iliyotuumbua.
Eusébio mfamasia hutoa pakiti mia tatu
za vidonge vya presha kila mwezi;
bombani havimo hata vya watu kumi.
Akavua miwani. "Basi vinakwenda wapi?"
Dona Zulmira akatazama viatu vyake.
(Begonia zake zina afya ya kutisha.)
Mzee Abílio akakiri kwamba huwapa kuku,
na kweli, kuku wale ni watulivu:
mbweha akiingia, wanamsogelea wampishe.

Mficha maradhi, kilio kitamfichua,
walisema wahenga, na hawakuwa na mabomba.
Siku hizi choo humtangulia kilio.

Ungedhani tungetubu. Tulijipanga.
Iliposikika kuwa wenye ndoo wanarudi Jumanne,
mji ulijipamba kwa ndani
kama nyumba inayongoja wakwe.
Jumapili hakuna aliyegusa soseji.
Kabichi ikapanda bei mara mbili.
Belmiro akauza chai ya mnanaa, kwa uchungu.
Na Dona Zulmira, asiyependa mboga
wala kushindwa,
alichemsha sufuria nzima ya brokoli,
akaimimina moja kwa moja chooni,
akavuta maji mara nne.

Ripoti ya pili ilikuwa fupi:
"Tunawapongeza wakazi kwa mboga.
Tunaomba tu, safari nyingine,
zipitie kwanza kwa mtu."

Mafua nayo yakaja, siku mbili kabla ya ahadi.
Wa kwanza kupiga chafya alikuwa meya,
kanisani, katikati ya sala,
chafya iliyorusha kofia yake mpya hadi safu ya tatu.
Tuliona. Sote tuliona.
Vinyweleo saba, vyembamba, vimesimama wima
kama watoto siku ya kwanza ya shule.
Hakuna aliyecheka. Graciete alilia kidogo.

Mimi ni mpeleka barua.
Miaka ishirini na sita nabeba siri za watu
zikiwa zimelambwa na kufungwa.
Bomba halina bahasha, ndiyo tofauti yetu.

Usiku wa Jumatatu nimemeza kidonge changu,
kimoja katika vile nilivyoficha nyuma ya redio tangu Pasaka.
Sijui kama ni kwa ajili ya moyo
au kwa ajili ya wale vijana wawili na ndoo yao.
Vyovyote vile, kesho asubuhi
kitafika.